Kufuli la landilodi si hukumu ya korti

MPENZI msomaji, kama unaishi katika nyumba ya kukodi, hebu utazame mlango wako kwa dakika moja. Ni mbao au chuma tu, lakini nyuma yake mna karibu kila kitu ulicho nacho duniani: godoro, sufuria, sare za watoto, vyeti vya kuzaliwa na, kama wewe ni mwanafunzi, madaftari yako na kadi ya mtihani. Sasa jiulize: ni nani aliye na uwezo wa kuufunga mlango huo ili ulale nje?

Wengi watajibu bila kufikiri, "Mwenye nyumba. Nyumba si yake?" Nyumba ni yake, naam. Lakini jibu hilo si la kweli, na juma hili nataka tuelezane kwa nini. Familia nyingi zimehangaishwa, na wenye nyumba wengi wamejitia hasarani, kwa sababu ya kuamini jambo ambalo halimo katika sheria yoyote ya Kenya.

Mazoea tunayajua sote. Tarehe tano inapita, tarehe kumi inapita, kodi haijalipwa. Msimamizi wa ploti anabisha mara moja, mara ya pili. Siku ya tatu mpangaji akirudi kutoka kazini anakuta kufuli jipya juu ya kufuli lake. Kwingine mlango unang'olewa, stima inakatwa, au mabati yanaezuliwa mvua ikiwa inanyesha. Majirani wanachungulia, wanatikisa vichwa na kusema, "Basi, alipe." Hakuna anayeuliza: je, ni nani aliyetoa amri hiyo?

Ploti moja, sheria tatu

Twende Gakindu, kule Mukurwe-ini katika Kaunti ya Nyeri, ambako watu wanaishi kwa kahawa na maziwa. Katika masoko ya eneo hili la Mlima Kenya, ploti aghalabu hujengwa hivi: maduka yanatazama barabara, nyuma yake kuna ua wenye mfereji na kamba za kuanikia nguo, na kuuzunguka ua huo kuna vyumba vya kupangisha. Aliyejaliwa huongeza ghorofa juu ya maduka.

Tuchukue mfano wa ploti kama hiyo yenye wapangaji watatu. Mbele kuna mama mwenye hoteli ya chai na mandazi. Nyuma kuna kibarua anayelipa Sh2,000 kila mwezi kwa chumba kimoja. Ghorofani anaishi mwalimu na familia yake katika nyumba ya Sh7,000. Wote watatu wanamlipa landilodi mmoja, na pengine wote huteka maji katika mfereji mmoja. Lakini mbele ya sheria kila mmoja wao amesimama mahali pake, na landilodi asiyejua tofauti hiyo anaweza kukosea mara tatu katika ua wake mwenyewe.

Hoteli iliyo mbele

Mama wa hoteli analindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka wa 1965 kwa ajili ya maduka, hoteli na mahali pa kuuzia vyakula. Duka katika sheria hii si lile la unga na sukari pekee. Hata kinyozi, mwenye saluni na fundi wa nguo wamo, maadamu jengo linatumika hasa kwa kuuza au kutoa huduma za malipo.

Mpangaji wa aina hii akiwa hana mkataba wa maandishi, au akiwa na mkataba usiozidi miaka mitano, upangaji wake unalindwa. Umesoma vizuri, msomaji. Kukosa maandishi hakumnyimi ulinzi, bali ndiko kunakomwingiza chini ya mwavuli wa sheria hii.

Landilodi akitaka kumtoa, au hata akitaka kumpandishia kodi, hana budi kumpa notisi kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja sababu. Notisi hiyo haiwezi kutekelezwa kabla ya miezi miwili kupita tangu alipoipokea. Sababu za kumtoa nazo zimetajwa. Miongoni mwazo ni kuwa na deni la miezi miwili au mazoea ya kuchelewesha kodi, kumpangisha mtu mwingine bila idhini, landilodi kutaka kubomoa na kujenga upya, au kutaka kulitumia jengo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. "Nimempata mtu wa kulipa zaidi" si mojawapo ya sababu hizo.

Lakini hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapojikwaa. Wakiipata notisi, wanaikunja na kuitia chini ya kopo la majani ya chai, wakisubiri yatakayokuja. Sheria inamtaka mpangaji asiyekubaliana na notisi amjulishe landilodi kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja. Tena apeleke shauri lake katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ambayo notisi itaanza kutekelezwa. Akinyamaza mpaka siku hiyo ipite, notisi inasimama, hata kama sababu yake ilikuwa dhaifu. Haki ipo, lakini haimwendei mtu aliyelala.

Chumba kilicho nyuma

Sasa tuingie uani kwa yule kibarua wa Sh2,000. Huyu ndiye anayedhani kuwa hana mtetezi. Akiambiwa ahame kesho, anafunga godoro lake kwa kamba na kuondoka, akisema maskini hana haki. La hasha! Kati ya wapangaji wote watatu, yeye ndiye sheria iliyemwekea ukuta mrefu zaidi wa kumkinga.

Sheria yake ni Sura ya 296, ile ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi. Inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kipimo cha kodi hiyo kimefungwa katika tarehe ya Januari 1, 1981, na kwa nyumba ambazo hazikuwa zimepangishwa wakati huo, Jopo la Kudhibiti Kodi ndilo linalopima kiwango kinachofaa. Jijini Nairobi ni shida kupata nyumba ya bei hiyo siku hizi, na ndiyo sababu watu wengi wanadhani sheria hii imekufa. Haijafa. Palipo na chumba cha elfu moja unusu au elfu mbili, iwe ni nyuma ya duka sokoni au katika mtaa wa kando ya mji, sheria hii ipo pamoja na anayekilipia.

Inasemaje? Kwanza, mpangaji huyo hawezi kutolewa ila kwa amri ya Jopo, na Jopo halitoi amri mpaka liridhike kwamba kuna sababu inayotambuliwa na sheria, na kwamba ni haki kufanya hivyo. Deni la kodi ni sababu mojawapo. Kuharibu nyumba na kuwasumbua majirani ni nyingine. Pili, kodi haiongezwi kiholela. Tatu, landilodi haruhusiwi kudai kilemba, yaani fedha za kupewa ufunguo tu ambazo si kodi. Nne, hawezi kunadi vitu vya mpangaji kwa ajili ya deni bila idhini ya Jopo. Na tano, ambalo ningependa ulikate ulibandike ukutani: landilodi au mtumishi wake anayemsumbua mpangaji makusudi ili ahame au akubali kulipa zaidi anatenda kosa la jinai. Kukata maji, kung'oa mlango na kuezua mabati kwa nia hiyo si "kumkumbusha" mpangaji. Ni kosa la kushtakiwa.

Sheria ya namna hii haikuzuka hewani. Mwaka wa 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akina mama wa mji wa Glasgow kule Scotland walikataa kulipa kodi zilizokuwa zikipandishwa ilhali waume na wana wao walikuwa vitani. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Mary Barbour. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzuia nyongeza hizo. Vita vya pili vilipokuja, serikali ya kikoloni ilileta udhibiti wa aina hiyo hapa Kenya mwaka wa 1940, na Sura ya 296 tuliyo nayo ni ya mwaka wa 1959. Majaribio ya kuweka sheria mpya ya landilodi na mpangaji yamefanywa, ukiwemo mswada wa 2007 na mwingine wa 2021. Hata hivyo, kibarua wetu wa uani hana haja ya kusubiri sheria mpya ndipo alindwe.

Nyumba iliyo ghorofani

Mwalimu wa Sh7,000 amepita kiwango cha Sura ya 296, na nyumba yake si ya biashara, kwa hivyo Sura ya 301 nayo haimhusu. Je, yeye ameachwa uchi? Hapana. Anasimamiwa na mkataba wake pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012.

Sheria hiyo inasema kwamba pasipokuwa na muda maalumu wala makubaliano mengine kuhusu notisi, upangaji huhesabiwa kufuata kipindi cha kulipa kodi. Anayelipa kila mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, na notisi hiyo iishie siku ya kulipa kodi. Msumeno huu hukata pande zote mbili: mpangaji anayetaka kuhama naye anatakiwa kutoa notisi hiyo hiyo. Usimpigie landilodi simu tarehe 29 ukimwambia gari la mizigo liko mlangoni, kisha ukashangaa anapokataa kukurudishia pesa zako.

Je, mwalimu akishindwa kulipa? Landilodi ana haki ya kuukatiza upangaji kwa kufuata utaratibu wa sheria, lakini mpangaji akiwa bado yumo nyumbani, njia ni kwenda kortini. Sheria haikumpa landilodi ruhusa ya kuingia kwa nguvu wala kufunga mlango wa nyumba inayokaliwa na watu.

Basi umeona, msomaji. Watu watatu, sheria tatu, lakini zote zinakutana katika jambo moja. Awe ni wa mbele, wa nyuma au wa ghorofani, hakuna anayetolewa nje kwa kufuli. Anatolewa kwa amri, na amri hutoka kwa jopo au korti. Hata chifu, ambaye ni mpatanishi mwema katika mambo mengi, hana uwezo wa kuamuru mtu afukuzwe nyumbani.

Landilodi naye ana yake

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kila landilodi ni tajiri mwenye kitambi anayehesabu noti kivulini. Katika miji yetu hii, wengi ni walimu na wauguzi waliostaafu wakaingiza kiinua mgongo chao chote katika mawe na mabati. Wengine ni wajane walioachiwa ploti na mkopo usioisha. Mpangaji asipolipa miezi mitatu, kisha akahama usiku wa manane na kuacha mlango wazi, amekula karo ya mtoto wa mtu. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna sheria hata moja kati ya hizi inayosema mpangaji akae bure.

Ndiyo sababu sheria imempa landilodi silaha zake. Anaweza kutoa notisi. Anaweza kwenda katika jopo au korti kuomba amri ya kumtoa mpangaji na kudai deni lote. Kuna pia sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi iliyochelewa, Sura ya 293. Lakini kazi hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni chini ya sheria ya mwaka wa 1996, wala si na vijana wa sokoni waliopewa mia tano kila mmoja. Kwa nyumba zilizo chini ya udhibiti, idhini ya jopo inahitajika kwanza.

Njia hizi ni ndefu, sikatai. Lakini kufuli ni njia fupi inayopeleka mbali na kwako. Landilodi aliyekuwa akidai Sh6,000 akifunga mlango, mpangaji akaenda kortini akasema chakula chake kimeozea ndani na vyombo vyake vimepotea, mdai anageuka kuwa mdaiwa. Korti inaweza kumwamuru amlipe fidia mtu yule yule aliyekuwa na deni lake.

Wajibu wa kila upande

Watu hupenda kuzungumza juu ya haki, lakini haki haitembei bila wajibu. Sheria ya Ardhi imeyaweka masharti fulani ndani ya kila upangaji inaousimamia, hata kama hayakuandikwa popote.

Landilodi anatakiwa amwache mpangaji akae kwa amani bila kuingiliwa. Nyumba, hata ikiwa ni chumba kimoja, iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia na siku zote za upangaji. Ikiwa jengo lina wapangaji wengi, paa, kuta za nje, mitaro mikuu na njia za pamoja ni juu yake kuzitengeneza. Paa likivuja, usiambiwe, "Weka ndoo." Choo cha ua kikijaa, hilo si jambo la wapangaji kuchangishana. Ukipuuzwa, afisa wa afya ya umma ana uwezo chini ya Sheria ya Afya ya Umma wa kumwamuru mwenye jengo kuondoa uchafu unaohatarisha maisha. Na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inazungumzia haki ya makao ya kutosha, usafi unaofaa na maji safi.

Wajibu mwingine wa landilodi ni kwa serikali. Mwenye nyumba za kuishi anayepata kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa ushuru wa mapato ya nyumba, ambao ulipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 1, 2024.

Mpangaji naye alipe kodi kwa tarehe iliyokubaliwa. Aitunze nyumba na kuirudisha jinsi alivyoipokea, ila uchakavu wa kawaida hauhesabiwi kuwa kosa lake. Rangi iliyofifia kwa miaka minne ni uchakavu. Kioo kilichovunjwa na mpira wa watoto si uchakavu, kilipie. Amruhusu landilodi kuikagua nyumba kwa wakati unaofaa baada ya kuarifiwa. Na asimpangishe mtu mwingine bila idhini ya maandishi, ingawa landilodi naye hatakiwi kuikataa idhini hiyo bila sababu ya maana.

Mwanafunzi na chumba chake cha kwanza

Miaka ya 2012 na 2013, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri na kile cha Karatina vilipata hadhi ya kuwa vyuo vikuu kamili. Kutus nako kuna Chuo Kikuu cha Kirinyaga, na kuna vingine Chuka na Meru. Kando ya kila chuo pamechipuka vyumba vya wanafunzi. Kwa vijana wengi, huko ndiko wanakotia sahihi mkataba wa kwanza maishani mwao, aghalabu bila kuusoma.

Mwanangu, usome. Kwanza hakikisha kwamba anayekuonyesha chumba ni mwenyewe au wakala wake wa kweli. Waulize wapangaji walio ndani wanamlipa nani. Mawakala wa nyumba wanatakiwa na sheria wawe wamesajiliwa, na kijana aliyekutana nawe langoni akakuomba "pesa za kuona nyumba" huenda hana hata funguo. Pili, ukikaa na mwenzako, kumbuka kwamba aliyetia sahihi ndiye anayedaiwa. Mwenzako akihama katikati ya muhula, landilodi hatamtafuta yeye. Afadhali majina ya wote wawili yaandikwe. Tatu, angalia mkataba unasemaje kuhusu miezi ya likizo. Ugomvi mwingi wa Septemba ulizaliwa Mei, mwanafunzi alipokwenda nyumbani akidhani chumba kitamsubiri bure.

Zile pesa za dipositi

Hakuna neno linalovunja urafiki kati ya landilodi na mpangaji kama dipositi. Sheria tulizozitaja hazikuweka utaratibu wa jinsi itakavyorudishwa kwa nyumba kama ile ya mwalimu. Mambo mengi yanategemea mliyokubaliana. Kwa hivyo kubalianeni mapema, kwa maandishi: ni kiasi gani, itarudishwa baada ya siku ngapi, na ni nini kinachoweza kukatwa.

Siku ya kuingia, zunguka nyumba pamoja na landilodi au msimamizi. Andikeni orodha fupi: vioo, swichi, bomba, mlango, rangi. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Siku hizi simu nyingi zina kamera, basi piga picha. Siku ya kuhama fanyeni hivyo tena. Karatasi hiyo moja itamaliza ubishi kabla haujaanza.

Na kama landilodi ameikalia dipositi yako bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60.

Kuhusu kodi yenyewe, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukilipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Ukilipa taslimu, dai risiti hapo hapo, hata kama landilodi ni shangazi yako au mzee wa kanisa lenu. Kudai risiti si kumwita mtu mwizi. Nawe landilodi, uitoe kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mpangaji mdanganyifu atakapodai alilipa, daftari lako ndilo litakalokuwa shahidi wako.

Ukikuta kufuli

Tuseme basi yametokea. Umerudi jioni, watoto wanalia, na kufuli geni linaning'inia mlangoni. Ufanye nini?

Usilivunje kwa hasira ukajiingiza katika kesi nyingine. Piga picha ya mlango. Mpigie landilodi, na kama unadaiwa, kiri deni lako na useme utalipa lini na vipi. Mengi huishia hapo wakati watu wanapozungumza kama watu. Akikataa, piga ripoti katika kituo cha polisi na uchukue nambari ya kuandikishwa kwa ripoti yako. Uwaite majirani wawili walioona. Kisha nenda katika korti iliyo karibu nawe, iwe ni Mukurwe-ini, Othaya, Karatina au Nyeri, uulize namna ya kufikisha shauri lako katika jopo linalokuhusu au mbele ya hakimu. Omba amri ya muda ya kufunguliwa mlango wakati kesi ikisubiri kusikizwa. Beba risiti, mkataba kama upo, na picha zako. Kuuliza si ujinga, na karani wa korti yupo hapo ili aulizwe.

Uwe mkweli pia. Ukisimama mbele ya hakimu na deni la miezi mitano huku ukisema hudaiwi kitu, umejiharibia mwenyewe. Korti inaweza kusema kwa pumzi moja kwamba landilodi alikosea kufunga mlango, na kwamba wewe ulipe kila senti.

Nawe landilodi unayesoma haya na chai yako ya Jumapili, kabla hujamtuma msimamizi dukani kununua kufuli, hesabu gharama. Karatasi ya notisi ni nafuu zaidi kuliko kufuli, na ndiyo itakayokusaidia mbele ya hakimu. Mwite mpangaji wako mketi. Wekeni mpango wa kulipa kidogo kidogo, muuandike, mtie sahihi. Mpango ukivunjwa, mpe notisi inayostahili, kisha uende unakostahili kwenda.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Kodi ilipwe, risiti itolewe, paa litengenezwe. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.